Siku Mwenyekiti Aliposhindwa Kukojoa

Leo nimejivunjia heshima mbele ya mtaa mzima, na chanzo ni mkojo. Si wangu. Nasisitiza: si wangu. Ila kwa jinsi mambo yalivyokwenda, bora ungekuwa wangu.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtanielewa vibaya, kama walivyonielewa wao.

Nyumbani kwetu hapa Handeni tuna paka dume. Mnene, mweupe kifuani, mweusi mgongoni, utadhani kavaa suti. Tangu mdogo ana tabia ya kukaa mbele ya wageni, kufumba macho nusu, na kusikiliza mazungumzo yote bila kuchangia neno. Chakula kikiletwa, yeye wa kwanza. Nikamwita Mwenyekiti. Niliona nimebuni jina la akili sana. (Nina shahada mbili. Leo hazikunisaidia, wala moja.)

Paka ni wa mke wangu, Zuhura. Mimi naishi nao tu. Juzi Zuhura alikwenda Hale kumwona dada yake aliyejifungua, akaniachia maagizo mlangoni, kidole kimesimama: "Nikirudi Jumapili nimkute Mwenyekiti mzima. La sivyo, utajijua."

Leo asubuhi naingia bafuni na ndoo yangu, namkuta Mwenyekiti kachuchumaa kwenye kona. Uso umekaza. Hakitoki kitu. Akanitazama kwa lawama, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Nikamwomba radhi, nikarudisha mlango.

Nikarudi baada ya dakika chache. Kahamia kwenye beseni lake la mchanga. Kachuchumaa. Hakitoki kitu. Akatoka pale akaenda kwenye mkeka. Kisha kwenye kapeti. Kisha, samahanini, juu ya makala yangu niliyokuwa nimeichapa jana. (Mhariri wangu amewahi kuniambia maneno yanayokaribiana na kitendo hicho.) Kila mahali ni yale yale: anachuchumaa, anajikaza, analia. Na si ule mlio wake wa kuomba dagaa. Ulikuwa mlio mrefu, wa chini, kama mlango usiotiwa mafuta. Akimaliza kulia anakaa, anainua mguu, anajilamba kule kwenyewe kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

Hapo mtu mwenye busara angeshtuka. Mimi nikatoa uamuzi wa kisomi: amefunga choo. Si jana alikula bakuli zima la dagaa wakavu? Basi wamemkwama.

Nikampondea papai bivu. Akalinusa, akanitazama, akageuka. Nikachukua kijiko cha mafuta ya alizeti, nikamkumbatia ili nimnyweshe. Sijui mmewahi kumnywesha paka mafuta. Matokeo yalikuwa hivi: mafuta kidogo kwake, mengi kwangu, mkwaruzo mmoja puani. Na yale kidogo aliyomeza, akayatapika ndani ya kandambili yangu.

"Hodi humu!"

Alikuwa Bibi Zaina, jirani yetu wa nyuma, kaja kuchukua ungo wake.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona una mafuta mpaka sikioni?"

Nikamweleza. Bibi Zaina amefuga mbuzi tangu mimi sijazaliwa, na hana subira na watu wa maelezo marefu. Akainama, akamtazama Mwenyekiti anavyojikaza.

"Kunya anakunya?"

"Bibi jamani!"

"Bibi jamani nini? Nakuuliza, kunya anakunya?"

Nikachungulia beseni. Ushahidi wa jana jioni ulikuwepo, tena wa kutosha. Ila mchanga wote mwingine ulikuwa mkavu. Hakuna hata bonge moja lililolowa.

"Basi huyo hana shida ya choo," akasema. "Huyo mkojo umemziba. Beberu letu lilifanya hivi hivi. Lilisimama likajikamua, likajikamua, halitoki hata tone. Tukasema litapona. Siku ya pili likalala, halikuinuka."

"Na majike?"

"Majike njia yao pana. Madume ndiyo njia yao nyembamba kama uzi. Maringo yote yale mnayoringa, kumbe uzi!"

Nikapeleka mkono tumboni kwa Mwenyekiti. Kule chini kabisa kulikuwa na kitu kigumu, cha duara, kama limau. Akaning'ata, akakimbilia uvunguni.

"Usiminye!" Bibi akanipiga kofi la bega. "Utampasua. Mpigie daktari, acha kushikashika."

Sasa, simu yangu nyumbani kwetu inapata mtandao sehemu moja tu, na sehemu hiyo haipo nyumbani kwetu. Ipo kwenye baraza ya ofisi ya mtaa, hatua kama hamsini, pale kwenye nguzo ya mwisho. Nikakimbia. Sikubadili shati.

Nilichosahau ni kwamba leo kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu maji. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wazee mbele, kina mama upande wa kivuli. Walikuwa wanamsubiri mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mhina. Mzee Mhina hachelewi. Miaka yote hajawahi kuchelewa. Leo alikuwa amechelewa saa nzima, na watu walikuwa wameanza kuulizana.

Hayo yote mimi sikuyajua. Niliwasalimia juu juu, nikasimama kwenye nguzo yangu, nikawapa mgongo, nikaziba sikio moja kwa kidole, nikampigia Daktari Neema wa mifugo, yuko Korogwe. Yeye ndiye anayemchanja paka wetu na anamjua kwa jina. Nanukuu upande wangu tu, kwa kuwa ndio uliosikika barazani.

"Daktari, ni mimi wa Handeni! Napiga kuhusu Mwenyekiti! ... Ndiyo, huyo huyo, Mwenyekiti! Anaumwa!"

Nyuma yangu viti viliacha kukwaruza. Nikadhani ni heshima.

"Anashindwa kupata haja ndogo! ... Haja ndogo! ... Haja... Hunisikii?" Mtandao ulikuwa unakatika. Na mbele ya wazee mtu hasemi neno lile. Nilijizuia mara tatu. Mara ya nne nikaona paka anakufa kwa sababu ya adabu zangu. "KUKOJOA, daktari! Mwenyekiti HAKOJOI! Tangu jana!"

Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza.

"Ndiyo, anachuchumaa! Kila mahali! Leo kachuchumaa kwenye kapeti langu! ... Analia, ndiyo! ... Anajilamba! ... Huko huko, daktari! Hapumziki!"

Nilisikia mama mmoja akisema "Lahaula!" Nikadhani wanajadili bei ya maji.

"Kala dagaa tu. Papai kakataa, kanikwaruza na kuning'ata. ... Maji? Anakunywa kidogo sana. ... Si umemhasi wewe mwenyewe mwaka juzi! Alikuwa anasumbua majike mtaa mzima!"

(Niko hapa nayaandika haya kwa mkono wangu. Naomba mnionee huruma.)

"Sasa hivi yuko kwangu, uvunguni! ... Sawa, namleta! Namtia kwenye tenga nakuja!"

Daktari Neema, kwa upande wake, alikuwa amesema maneno ambayo yangeokoa hali nzima kama wangeyasikia: "Paka dume akijikaza hivyo bila kutoa mkojo, hangoji kesho. Figo zinaharibika, moyo unaweza kusimama. Usimminye tumbo, usimpe dawa ya watu. Mlete sasa hivi."

Nikageuka. Nyuso thelathini. Wazee wameshika videvu. Kulwa, fundi baiskeli, ambaye ni mtani wangu na hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuwa amekosa neno.

"Samahanini wazee wangu," nikasema. "Nina mgonjwa nyumbani."

"Pole sana," wakajibu kwa pamoja, kwa uzito wa msibani. Nikaona, jamani, watu wa Handeni wana utu! Hata kwa paka!

Nikakimbia nyumbani. Mwenyekiti bado alikuwa uvunguni, kwenye kona ya mbali, kajikunja. Hiyo nayo, daktari aliniambia, ni dalili: paka anayejificha anaumwa kweli. Nikalala kifudifudi, nikajisukuma chini ya kitanda mpaka kiunoni, miguu nje. Nikaanza kumbembeleza.

Mtu akiumwa hapa kwetu, habari hufika mbele na watu hufuata nyuma yake. Mkutano wote ulikuwa umesimama na kunifuata. Walibisha hodi. Mimi, kutoka uvunguni, nikajibu "Karibuni!" bila kuuliza ni nani, kwa sababu nimelelewa vizuri. Wakaingia sebuleni. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Na hivi ndivyo walivyosikia:

"Mwenyekiti, njoo. Njoo baba. Usione aibu, ni mimi na wewe tu humu. ... Daktari atakuingiza mpira mwembamba, mkojo utoke, basi. Hutasikia kitu, utachomwa sindano ya usingizi. ... Ukifa leo, mke wangu nitamwambia nini? Unajua anavyokupenda! Kila usiku unalala miguuni pake, mimi nimewahi kusema neno?"

Sebuleni mtu aliangusha kikombe.

"Profesa." Ilikuwa sauti ya Kulwa, ya upole, nisiyoijua. (Wananiita Profesa. Si cheo, ni kejeli.) "Profesa, mtani wangu. Tumekuja kumwona mgonjwa. Mtoe tu. Sisi hatumhukumu mtu."

Hapo ndipo ubongo wangu, ule wa shahada mbili, ulipoanza kuunganisha. Mkutano. Mwenyekiti. Kachelewa. Haja ndogo. Kapeti. Majike. Mke wangu.

Nikatamani uvungu uwe mrefu zaidi.

Na wakati huo huo nje kukasikika pikapu ikizima, hatua, na sauti nzito: "Jamani! Mkutano umehamia huku? Nimechelewa kidogo tu, nilikuwa na... kuna mambo nilikuwa namalizia. Nani kafa?"

Mzee Mhina mwenyewe, kofia kichwani, faili kwapani.

Mama mmoja akapiga yowe. "Huyu hapa!"

"Huyu hapa nani?"

"Mwenyekiti!"

"Sasa mimi nikiwa hapa, uvunguni kuna nani?" akauliza Mzee Mhina, kwa kuwa vidole vyote vilikuwa vinaelekea kitandani.

Nikatoka kinyumenyume. Vumbi usoni, mafuta kifuani, damu puani, na mikononi, kazungushiwa khanga ya Zuhura, kichwa tu kikionekana: Mwenyekiti. Akawatazama wote kwa macho nusu, kama kawaida yake akiwa mbele ya watu.

Mimi ndiye niliyepaswa kusema. Nimefundisha, nimehutubia, nimeandika kurasa zisizo na hesabu. Nilichoweza kusema ni:

"Ni jina tu."

"Jina la nani?" Mzee Mhina akauliza.

"La paka."

"Paka anaitwaje?"

Nikamtazama Bibi Zaina, aliyekuwa amerudi nyuma ya umati, aniokoe. Bibi Zaina alikuwa ameuficha uso nyuma ya ungo wake, na ungo ulikuwa unatetemeka.

"Shikamoo Mwenyekiti," nikasema. "Anaitwa Mwenyekiti."

Kulwa akalipata neno lake. "Nyie Wazigua! Sisi babu zetu waliletwa hapa kukata mkonge, tukaambiwa tumefika kwa watu wastaarabu! Mwenyekiti wa watu amehasiwa hadharani, kwa simu, mbele ya wapiga kura!"

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Kwamsisi. Mzee mmoja alilazimika kushikwa. Mzee Mhina pekee hakucheka. Alinitazama muda mrefu sana, na mimi nikawa natafuta maneno ya radhi yanayolingana na kosa, nikagundua Kiswahili hakijayatunga.

Kisha Mwenyekiti akatapika. Yule mdogo. Kichwa kikalala kwenye mkono wangu, na safari hii hakulia. Hakuwa na nguvu ya kulia. Lile limau tumboni lilikuwa limekuwa chungwa.

Vicheko vikapungua, kimoja kimoja.

"Anakufa huyu?" Mzee Mhina akamwuliza Bibi Zaina, si mimi.

"Akikaa hapa, anakufa."

Mzee Mhina akaweka faili lake juu ya meza yangu. "Basi mnacheka nini? Mkutano umeahirishwa. Profesa, panda gari."

"Wenyeviti wawili na katibu mmoja," Kulwa akasema huku akinifungulia mlango wa pikapu. "Akidi imetimia. Nendeni."

Tukaondoka. Mimi na tenga mapajani, yeye na usukani. Tukapita Sindeni bila neno. Nilimwombea paka, nikajiombea na mimi. Kila baada ya muda nilipenyeza kidole kwenye tenga kuona kama anapumua.

Baada ya Sindeni akasimamisha gari, akasema anakwenda kidogo vichakani. Akakaa. Akakaa sana. Akarudi. Tukaenda kilometa chache, akasimama tena.

Aliporudi hakuwasha gari mara moja.

"Nina rafiki yangu," akasema, akiangalia kioo cha mbele.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Makamo kama yangu. Naye hiyo shida... si ya kujilamba, hapana. Ile nyingine. Anakwenda mara nyingi, anasimama, anangoja, inatoka kidogokidogo. Anaamka mara tano. Anachelewa hata kwenye shughuli zake. Huyo daktari wako alisema hiyo ni nini?"

"Kwa rafiki?"

"Kwa rafiki."

"Alikuwa anamzungumzia paka, Mwenyekiti."

"Najua. Ila huyo rafiki hajawahi kumwuliza mtu mwingine."

Akawasha gari. Na akaendesha kwa kasi ambayo sheria haiijui.

Korogwe, Daktari Neema alikuwa anatungoja mlangoni, glavu mkononi. Akapaza sauti kabla hatujashuka vizuri: "Mwenyekiti yuko wapi? Aingie haraka, mpira nimeshauandaa!"

Mzee Mhina alirudi nyuma hatua mbili, akashika mlango wa gari.

Waliingia ndani, daktari na paka. Sisi tukabaki kwenye benchi. Nilikuwa sijui kama naogopa kifo cha paka, kurudi kwa Zuhura, au kuonekana mtaani. Nikagundua naogopa kifo cha paka. Nilishangaa. Yule kiumbe tumekaa naye miaka mitano tukigombania kiti kimoja, na nilikuwa nalia kidogo, kwenye benchi, karibu na mwenyekiti wa mtaa, ambaye alijifanya anasoma tangazo la chanjo ya kuku.

Ilichukua muda. Kisha daktari akatuita. Mwenyekiti kalala kwa dawa, mpira mwembamba kama utambi umeshonewa mahali pake, na kwenye mfuko unashuka mkojo, mwekundu mweusi kama chai iliyochemka mno, una chenga kama mchanga.

"Umetoka!" nikapiga kelele. Mzee Mhina naye, nadhani bila kukusudia, akapiga makofi.

"Mmemwahi," akasema daktari. "Ingefika jioni tungezungumza habari nyingine. Bado hajavuka kabisa, atakaa hapa siku tatu nimwangalie. Na dagaa wakavu watupu basi. Mloweshee chakula, mwekee maji masafi kila mahali."

Nikamweleza kwamba Handeni maji tunayanunua kwa dumu. Akasema paka hanunui maji, mimi ndiye ninunue.

Mzee Mhina akakohoa. "Daktari, nina rafiki yangu..."

Akamwambia yote. Daktari Neema alimsikiliza vizuri, kwa heshima, bila kutabasamu. Kisha akasema: "Mzee wangu, mimi natibu wenye mkia. Inaweza kuwa tezi dume, inaweza kuwa kingine, mimi si wa kusema. Lakini huyo rafiki asikae nayo. Aende hospitali akapimwe. Kesho, si mwakani."

Wakati tunatoka simu yangu ikalia. Zuhura, kutoka Hale.

"Nimepigiwa simu na watu sita," akasema. "Naambiwa uko Korogwe na Mwenyekiti, na mmoja wenu kawekewa mpira wa mkojo. Ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Yupi?"

"Wetu."

Akavuta pumzi ndefu. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Sasa nieleze habari ya yule anayelala miguuni pangu."

Nimeeleza. Nimeeleza mpaka salio lake likaisha.

Haya nayaandika nikiwa nimerudi nyumbani, mlango nimefunga, na bado watoto wanapita dirishani wakiulizana kwa sauti kama Mwenyekiti ameshakojoa. Mzee Mhina amenisamehe kwa sharti moja: niandike yote, pamoja na ya rafiki yake, kwa sababu anasema wanaume hawasomi mabango ya hospitali ila wanasoma upuuzi wangu. Basi wenye paka dume mmesikia dalili, na wenye rafiki nao wamesikia. Kucheka nawaomba msicheke, ingawa najua nawaomba bure.

Kesho asubuhi namsindikiza yule rafiki hospitali. Ameniambia nisimtaje jina kwa mtu yeyote, na simu niiache nyumbani.